Unga wa Ukutani

Wifi yangu Kemunto alikula ukuta. Sitanii, na kabla hujacheka naomba univumilie, maana nimechoka na watu wanaocheka kwanza na kuuliza baadaye. Aliulamba na kuukwangua kwa kucha, ukuta wa kibaraza cha nyumba yao kule Crystal, kitongoji cha Minneapolis, akiwa na mimba ya tatu baada ya mbili kuharibika. Mimba hiyo tuliilinda sote kama yai. Asibebe ndoo, asipande ngazi, asile pilipili, kila mtu alikuwa na lake la kumkataza.

Mimi ni Alice, dada mkubwa wa Jairus, mumewe. Nilikuwa nikiishi nao kwenye chumba cha juu na kufanya kazi ya kuwahudumia wazee huko Apple Valley, upande wa pili wa mto, kwa hiyo nilifika nyumbani miguu imevimba na hasira ziko karibu. Jairus alisomea uuguzi mchana na usiku akafanya kazi. Nyumba waliinunua mwaka wa tisini na tano, theluji ilipokwisha, nyumba ya mbao ya zamani yenye kibaraza kilichozibwa kwa vioo upande wa jua.

Kwetu Gusii, na hata hapa tulipohamia, mwanamke huitwa kwa jina la mtoto wake. Kwenye ibada zetu za Jumapili, tulizofanya kwa zamu nyumba hadi nyumba, alikuwapo Mama Mark, Mama Teresa, Mama huyu na yule. Kemunto alikuwa ameshavuka thelathini na bado aliitwa Kemunto, au mbaya zaidi, bibi ya Jairus. Hakuwahi kulalamika. Lakini nilimwona anavyoangalia chini kila wanapoanza kuitana, na niliumia kwa ajili yake.

Zamu ya Jairus ya kukaribisha ibada ilipofika, watu walijaa mpaka kibarazani. Walipokuwa wakiaga, makoti yao meusi yalikuwa meupe mgongoni. Rangi ya kuta zile ilikuwa imezeeka mpaka imegeuka unga, ukiigusa tu kiganja kinatoka cheupe. Griffins, rafiki mkubwa wa Jairus, alijipangusa bega na kutangaza kwamba kwa Jairus huingii ukatoka hivi hivi, lazima upakwe unga kama chapati. Watu walicheka sana. Jairus naye alicheka, ila namjua ndugu yangu, alicheka kwa meno tu.

Kesho yake alikwenda kwenye duka la rangi. Muuzaji, mzee mmoja mwenye subira, alimweleza kwamba rangi iliyopigwa na jua miaka mingi gundi yake huisha, ukabaki unga mtupu. Ukipaka mpya juu ya unga, itashika unga, haitashika ubao, na vyote vitang'oka pamoja. Dawa yake ni kuosha kwa maji ya sabuni na brashi laini, kuanzia chini kwenda juu, kisha kusuuza mpaka maji yatoke safi. Ukuta ukishakauka, usugue kwa kitambaa cheusi, na kikitoka cheupe urudie. Kisha upake rangi ya msingi ya kushikilia, ndipo uje na rangi yenyewe. Na kama hutaki unga urudi, usinunue rangi hafifu, usiizimue kwa maji, na uoshe ukuta kila mwaka.

Halafu mzee yule akauliza nyumba ina umri gani. Alipojibiwa, akasema rangi nyingi za zamani zilichanganywa na madini ya risasi, na hayo ni sumu. Apime kwanza. Asikwangue pakavu, asitumie mashine ya msasa, na kama kuna mtoto au mjamzito nyumbani, aondolewe kwanza. Jairus alitusimulia yote hayo mezani, neno kwa neno, na alipofika mwisho akacheka.

"Wazungu wanaogopa kila kitu," alisema. "Hata kikombe cha kahawa wanaandika ati ni moto."

Tulicheka naye. Sote tulikulia kwenye nyumba ambazo hakuna aliyejua zimepakwa nini.

Jumamosi aliyoanza kuosha, Kemunto aliketi kwenye mlango wa jikoni akimtazama. Maji yalipogusa ukuta, ilipanda harufu. Hata mimi niliisikia, harufu ya barabara ya vumbi ikinyeshewa mvua ya kwanza. Kemunto alifumba macho na kuvuta pumzi mpaka mabega yakainuka.

Anayejua mimba za kwetu ameshaelewa. Wajawazito wengi nyumbani hula udongo, yale mawe laini yanayouzwa sokoni na kuitwa odowa. Hutuliza kichefuchefu, na hamu yake ikikushika unaweza kumtukana mkweo. Mimi mwenyewe nilikula odowa kwa mimba zangu zote mbili, na wanangu ni wazima, wako Kisii kwa mama. Kemunto alikuwa na hamu hiyo tangu mwezi wa pili wa mimba. Philister, mwenzetu wa ibada, alimbebea pakiti kutoka Nairobi, lakini watu wa uwanja wa ndege waliiona na kuitupa kwenye pipa. Siku ile Kemunto alilia kwikwi, na wanaume wakamwona mtu wa vituko. Nilitamani kumzaba mmoja wao kibao.

Jairus hakumaliza kuosha. Wageni wengine walikuwa wanakuja, naye alitaka ukuta uwe umeng'aa watakapofika, basi akaruka rangi ya msingi na kupaka rangi ya bei nafuu aliyoizimua kwa maji ili itoshe. Kweli iling'aa. Wageni wakasifu, wakaenda. Baridi ilipoanza kukaza, rangi ile mpya ikabambuka vipande vipande, na chini yake unga ulikuwa uleule. Kila akirudi kutoka chuoni alichukua soksi yake nyeusi, akasugua ukutani, akaitazama na kusonya.

Mwezi wa Oktoba niliwapeleka kliniki kwa gari langu, na Kemunto akaniomba niingie naye. Nesi alikuwa mama mtu mzima, mpole. Aliuliza mambo mengi, kisha akauliza kama Kemunto hupata hamu ya kula vitu visivyo chakula, udongo, chaki, barafu, chochote. Aliuliza vizuri tu, bila dharau. Kemunto alifungua mdomo, lakini Jairus alikwisha kujibu kwamba hapana, hakuna kitu kama hicho. Ndivyo ilivyokuwa kila mahali, Kemunto anaulizwa na Jairus anajibu, kwa sababu Kiingereza chake kilikuwa kizuri zaidi na kwa sababu ndivyo waume wetu walivyozoea. Kemunto alitazama viatu vyake. Mimi niliona ni kweli, maana odowa niliyoijua ilikuwa imetupwa pipani.

Baada ya hapo, asubuhi moja nilirudi kutoka kazini na kumkuta kibarazani, kwenye kiti chake, amenipa mgongo. Vioo vilikuwa vimeshika ukungu. Alilowesha kidole kwenye ukungu ule, akakisugua ukutani, akakitia mdomoni. Hakuwa na haraka. Kando ya kiti, kuanzia usawa wa bega mpaka goti, ubao ulikuwa wazi, umesafishwa hadi mti. Ni pale pale ambapo Jairus alikuwa akijisifu kwamba soksi yake haitoki tena nyeupe.

Nilimwita jina. Aligeuka, na midomo yake ilikuwa myeupe.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Tangu alipoosha." Alijifuta kwa kanga. "Wifi, nakuomba, usimwambie Jairus. Ataniona mshamba."

"Nitamwambia leo," nilisema. "Na kliniki utaenda."

Nilimwambia alasiri ile, alipoamka kujiandaa kwenda kazini. Nilidhani atarukia funguo za gari. Badala yake aliketi kitandani na soksi moja mguuni. Alipoanza kusema, hakuitaja sumu. Alisema alishamwambia nesi hapana. Alisema mwaka ujao yeye mwenyewe atafanya mafunzo kwenye kliniki kama zile, na itaandikwa kwamba mkewe anakula kuta. Wataleta watu wa ustawi wa jamii, na hao huchukua watoto. Kila Mkenya wa mji huu amesikia habari ya mtu aliyenyang'anywa mtoto, na hofu ile mimi siidharau, kwa sababu hata mimi ilinikamata.

"Nipe hii weekend," alisema. "Nita-fix hiyo wall. Unga ukiisha, atakula nini? Shida imeisha, Dada."

Tuligombana mpaka sauti zikapanda. Nilimwambia nimeshapiga simu kliniki na Jumatatu nampeleka Kemunto, atake asitake. Akanijibu kwamba nyumba ni yake na mke ni wake, lakini sawa, Jumatatu iwe Jumatatu, itakuta ukuta umekwisha. Jumamosi asubuhi niliingia kazini kwa zamu mbili mfululizo, nikalala huko huko. Sikuwapo alipoanza.

Alianza kwa maji, kama alivyofundishwa. Lakini nje kulikuwa kumeganda, maji hayakukauka, na Jumatatu ilikuwa inakuja. Akaenda kwa Griffins kuazima mashine ya msasa. Akafunga madirisha ili baridi isiingie na majirani wasione. Mlango wa kibaraza aliutundikia shuka, akamwambia Kemunto abaki upande wa jikoni. Shuka. Mtu anayesomea uuguzi, alitundika shuka. Tanuri la kupasha joto lililokuwa chini ya nyumba ile lilivuta hewa kila mahali na kuipuliza kila chumba, kama yalivyo yote hapa, na kwa baridi ile lilikuwa halizimiki.

Nilipofungua mlango Jumapili, nilifikiri kuna moshi. Meza ilikuwa nyeupe, chupa ya chai nyeupe, na vijinguo vya mtoto tulivyovikunja juu ya kochi vilikuwa vyeupe pia. Kemunto alikuwa katikati ya sebule na ufagio mkononi, anakohoa na kufagia. Nani kwetu angekaa kitako mumewe akifanya kazi? Alikuwa amefagia tangu jana yake.

Jairus alitoka kibarazani mweupe kuanzia nywele mpaka viatu, anatabasamu. Alitoa soksi mfukoni, akaikung'uta, akasugua ukuta na kuniinulia nione. Ilitoka nyeusi vilevile.

"Umeona, Dada?" alisema. "Imeisha."

Nilimshika Kemunto mkono, nikamtoa na ndala zake kwenye theluji, nikamtia kwenye gari. Hospitali nilisimama mbele ya dawati na kusema kila kitu kwa sauti kubwa: ukuta, ulimi, mashine, shuka. Kemunto alifunika uso. Walimtoa damu, na majibu yalipokuja daktari aliingia na kuuliza kama amewahi kufanya kazi kwenye kiwanda cha betri, wanakoyeyusha risasi. Nikajua tumechelewa.

Walimlaza. Mtoto alikuja Desemba, kabla ya wakati wake, msichana. Uzito wake haukufika pakiti moja ya unga wa ugali. Jairus alimpa jina la Natasha, kwa sababu lilikuwa zuri na halikuwa la mtu yeyote aliyekufa. Damu yake nayo ilikuwa na risasi. Kemunto alikatazwa kumnyonyesha, maana sumu ile ilishaingia mpaka kwenye mifupa yake na ingepita kwenye maziwa. Nilisimama naye bafuni akiyakamua na kuyaacha yaende na maji ya bomba. Alikuwa ameyangoja maziwa yale miaka yote ya ndoa yake. Nililia, na nilipotoka nikamwambia Jairus pale pale koridoni kwamba namchukia. Aliniambia kwamba muhula uliopita waliulizwa kwenye mtihani risasi humfanya nini mtoto aliye tumboni, naye alijibu sawasawa.

Hakuna aliyekuja kumchukua mtoto. Nesi yule yule tuliyemwogopa ndiye aliyetutafutia watu wa kusafisha nyumba. Walikuja na nguo zinazofunika mwili mzima, wakatupa mazulia na kochi, wakafuta hadi ndani ya mabomba ya hewa. Majira ya baridi yote tulijibana kwa Griffins, kwenye ghorofa za Cedar-Riverside, na Griffins hakutania tena habari za chapati. Nyumba ilipopimwa na kuruhusiwa, Jairus alirudi kibarazani peke yake. Akaosha kwa sifongo na maji, hakukwangua pakavu hata mahali padogo. Akasuuza, akangoja jua, akapaka rangi ya msingi, akangoja tena, akapaka ile nzuri mara mbili bila kuizimua. Kila mwaka theluji ikiyeyuka anauosha. Kuta zile hazijatoa unga hadi leo, na kila jioni yeye hupitisha kiganja.

Kwa watu alisema mtoto alizaliwa mapema tu, mambo ya Mungu. Alituomba mimi na Kemunto tusiseme zaidi, na Griffins pia. Tulikubali, kwa sababu Kemunto hakutaka mtu amwone kama mwanamke aliyemla mwanawe. Ni maneno yake, si yangu.

Sasa ni mwaka wa tisini na tisa. Natasha anakaribia miaka minne. Watoto wengine wa ibada ukiwasemesha Kiswahili wanaelewa na kukujibu kwa Kiingereza, na mama zao wanawagombeza. Natasha hajibu kwa lugha yoyote. Ukimwita hageuki mpaka umguse. Anaweza kukaa na kijiko asubuhi nzima akikigeuza kwenye mwanga. Madaktari wanasema tungoje tuone, na kila wanapotuambia hivyo wanaangalia karatasi zao.

Mwezi uliopita zamu ya ibada ilirudi kwa Jairus. Baada ya maombi wanawake walikaa kibarazani, penye jua. Alikuwapo Lois, mke kijana wa Maurice, mwenzetu wa ibada, aliyefika mwaka huu kutoka Kenya na ana mimba yake ya kwanza. Wanaishi kwenye nyumba kuukuu kusini mwa Minneapolis. Natasha alikuwa mkekani na kijiko chake. Serah, ambaye ndiye mkubwa wetu, alipapasa ukuta na kutazama kiganja chake.

"Jairus, hii rangi imeshika kweli," alisema kwa sauti ili asikike ndani. Kisha akamwangalia Natasha. "Na mtoto ametulia hivi! Hana kelele, hasumbui. Mama Natasha, umebarikiwa."

Wenzake wakaitikia. Mama Mark akasema wa kwake angekuwa ameshavunja kioo. Walisema kwa upendo, na ndiyo maana sikuweza kukaa kitini, nikainuka nikajifanya nakusanya sahani.

Kemunto aliweka kikombe chini.

"Hajatulia," alisema. "Haongei. Nilikula ukuta huu nikiwa na mimba yake, kwa sababu nilikuwa na hamu ya odowa. Rangi za zamani zina sumu. Ndiyo imemfanya hivi. Kama kuna mwingine hapa anayekula ukuta, tafadhali aseme leo."

Serah aligeukia mlangoni, ambako Jairus alikuwa amesimama na chupa ya chai, na sisi wote tukageuka, kama tulivyozoea, tukingoja aeleze mkewe alimaanisha nini. Aliangaliwa na kila mtu. Alifungua mdomo, nami nilikuwa tayari kumtupia sahani. Lakini alimtazama Kemunto, akafunga mdomo, hakumjibia.

Lois akavuta mkoba wake mapajani na kuufungua. Alitoa karatasi laini iliyokunjwa, akaikunjua mezani katikati ya vikombe. Ndani kulikuwa na vipande vya rangi ya dirishani, vyeupe, vingine vina alama za meno.

Natasha alinyoosha mkono kuvichukua, na Kemunto akauwahi mkono ule, akaushika.